Sungura wa pili nyumbani: namna ya kumpatanisha mgeni na mwenyeji

Wafugaji wa sungura wa nyama wana kanuni moja ambayo sisi tunaofuga kwa mapenzi huwa tunaisahau: jike hupelekwa kwenye banda la dume, dume hapelekwi kwenye banda la jike. Ukimpeleka dume kwa jike, atafukuzwa, atang'atwa, na pengine atatoka humo na jeraha, hata kama jike mwenyewe yuko tayari kupandwa. Banda ni lake, na aliyeingia ni mvamizi.

Ule msemo wa "mgeni njoo, mwenyeji apone" sungura hawajausikia. Mwenyeji anapomvaa mgeni, anatetea sakafu yake, beseni lake la choo na kona yake ya kulala. Vitu hivyo visipokuwepo pale wanapokutana, sehemu kubwa ya ugomvi nayo haipo. Kwa hiyo karibu yote ninayoeleza hapa ni ya harufu na eneo.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Morogoro. Ninao wawili. Tembele ni dume wa kijivu aliyehasiwa, jina kalipata kwa ulafi wake wa majani ya viazi vitamu. Sitara ni jike mweupe mwenye masikio na pua nyeusi. Aliletwa na familia iliyokuwa inahama mji, baba alitaka achinjwe, watoto wakalia, akaishia kwangu. Nitawatolea mfano hao kwa sababu ndio ninaowajua.

Kabla hujamchukua

Kwanza jua unachokichukua ni nini. Muuzaji sokoni akikwambia "hawa wote majike, mama", mshukuru, kisha hakikisha mwenyewe. Mgeuze sungura taratibu umlaze mapajani, bonyeza kidogo pande za sehemu ya siri. Ya dume hutokeza kama bomba dogo lenye tundu la duara. Ya jike ina mpasuko. Kwa dume mkubwa utaona na korodani, mifuko miwili mirefu isiyo na manyoya, ila ana uwezo wa kuzivuta ndani akiogopa, kwa hiyo usihukumu kwa kutoziona tu.

Wanaopatana kwa wepesi ni dume aliyehasiwa na jike. Majike wawili inawezekana. Madume wawili ni kazi ngumu, na wasipohasiwa usijaribu kabisa: hung'atana sehemu za siri, na meno ya sungura yanakata kama wembe. Tahadhari pia na watoto. Sungura wachanga hukaa pamoja kwa amani ukadhani umemaliza, kisha wakifika miezi mitatu au minne miili inakomaa na vita inaanza asubuhi moja bila taarifa.

Kuhasi dume ni jambo ambalo watu wengi hapa hulishangaa. "Sungura? Apelekwe hospitali?" Ndiyo. Dume na jike wasiohasiwa hawatakuwa marafiki, watakuwa kiwanda. Mimba ya sungura huchukua kama siku 31, na jike anaweza kupandwa na kushika mimba siku ileile aliyozaa. Sisi wa Morogoro tuna bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapa na madaktari wa mifugo wanafundishwa hapahapa. Kwingineko tafuta daktari anayetibu mbwa na paka na umuulize wazi kama ameshawahi kumpasua sungura. Akikuagiza sungura asile usiku kucha kabla ya upasuaji kama anavyoagiza kwa mbwa, muulize tena. Sungura hana uwezo wa kutapika, na utumbo wake haufai kukaa mtupu. Anatakiwa ale mpaka karibu na wakati wenyewe na aanze kula tena mapema iwezekanavyo.

Dume akishahasiwa bado ana mbegu zilizobaki mwilini. Subiri wiki sita kabla hajakaribiana na jike. Hizo wiki sita ndizo pia zinazompunguzia ukali na tabia ya kurusha mkojo ukutani.

Kumtoa jike kizazi ni upasuaji mkubwa zaidi. Una faida, kwani majike wanaozeeka na vizazi vyao hupata saratani ya kizazi mara nyingi, na jike asiye na kizazi huwa mtulivu. Sitara bado hajafanyiwa, na matokeo yake nayaona: mara kwa mara hupata mimba ya uongo. Hung'oa manyoya ya kifuani, hubeba majani mdomoni kutengeneza kiota, na kwa wiki mbili na kitu huwa hataki mtu. Kama jike wako ni wa namna hiyo, usianze kuwakutanisha katika siku hizo.

Mwezi wa kwanza, kila mtu kwake

Mgeni akae peke yake, chumba kingine kama unacho, kwa mwezi mmoja. Wengi husema wiki mbili zinatosha kwa ajili ya magonjwa, na kwa magonjwa mengi ni kweli. Mimi nasema mwezi kwa sababu moja rahisi: jike aliyetoka kwenye banda la mchanganyiko anaweza kuwa amekuja na mimba, na siku 31 zikipita utakuwa umejua.

Katika mwezi huo mchunguze. Ndani ya sikio, magamba ya kahawia yaliyokauka ni utitiri. Magamba meupe puani na kwenye vidole ni ukurutu. Kamasi nyeupe, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yaliyoloa na kugandana, ni mafua. Sungura hujifuta pua kwa mikono, kwa hiyo mikono ndiyo itakayomsema. Yote hayo ni ya daktari. Kwa utitiri wa sikio na ukurutu mara nyingi hutumia sindano ya ivermectin, kwa dozi ya uzito wake. Usimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye fipronil, inaua sungura. Wala usimpe amoksilini ya kumeza uliyobakiza kabatini. Inaua bakteria wazuri wa tumboni na sungura anakufa kwa kuharisha.

Mhudumie mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, unawe mikono. Mimi nilikuwa nikibadilisha na kanga.

Na kwa kuwa mgeni ameshahamishwa, ameshaogopa, usimbadilishie na chakula siku hiyohiyo. Uliza alikuwa anakula nini. Sitara alilelewa kwa pumba za mahindi na mabaki ya jikoni. Nilimhamishia kwenye majani makavu na ukoka kidogo kidogo. Sungura asipokula wala kunya kwa nusu siku, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Harufu iende kabla ya mwili

Hapa ufundi wangu ulinisaidia, maana vipande vya vitambaa ninavyo vya kumwaga. Chukua kitambaa cha pamba, kisicho na nyuzi zinazoning'inia za kumezwa, mfute nacho mmoja mashavuni na kidevuni, ukakiweke kwa mwenzake. Kidevuni sungura ana tezi za harufu. Ndiyo maana utamwona anasugua kidevu kwenye mguu wa kiti, anaandika jina lake.

Siku ya kwanza Tembele alipiga mguu wa nyuma chini, pu, akakikojolea kitambaa. Ni kawaida. Endelea kubadilishana kila siku. Ukikuta kitambaa kimesogezwa pembeni na hana habari nacho, au amekilalia kabisa, mmevuka.

Hatua inayofuata ni kuwaweka waonane kupitia wavu. Nyavu mbili, siyo mmoja. Kati yake acha nafasi ya sentimita 10 hivi, kwa sababu pua na vidole vya miguu vikipita kwenye tundu vinaondoka na meno. Weka vyombo vya chakula kila upande karibu na wavu, ili wale wakitazamana. Wakila kwa utulivu, wakajilaza kila mmoja upande wake, anza kuwabadilisha makazi: leo huyu alale upande wa yule, kesho warudi. Mabeseni ya choo yabaki palepale. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa sababu haina msisimko, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mwenyeji anazoea kwamba sakafu yake inanuka mtu mwingine na bado chakula kinakuja.

Mahali pa kukutana

Pasiwe pa yeyote. Sebule ambayo mwenyeji huzurura jioni si mahali huru, hata uioshe vipi. Mimi niliomba baraza la jirani, palipo na ukuta mfupi pande tatu, nikaziba wa nne kwa mbao. Wengine hutumia bafu lililokauka au korido ya mwenye nyumba. Kama huna pengine ila chumba ambacho mmoja aliwahi kuingia, papige deki kwa maji na siki, upange vitu upya.

Ukubwa uwe kama wa mkeka wa kulalia watu wawili. Pakiwa padogo zaidi, anayetaka kukimbia hana pa kwenda. Pakiwa pakubwa sana, mmoja anakimbizwa na mwingine mpaka anachanganyikiwa. Tandika jamvi au busati kuukuu, kwa sababu vigae vinateleza, na sungura anayeteleza tayari ana hofu. Weka maboksi mawili ya sabuni uliyotoboa milango miwili kila moja. Mlango mmoja ni mtego. Tawanya matembele au majani ya kishona nguo sehemu nyingi, siyo rundo moja la kugombewa.

Chagua saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likizama, ambapo sungura huwa macho kwa maumbile yake. Hapa kwetu kati ya Novemba na Februari mchana ni tanuri, na sungura hatoi jasho. Joto likizidi nyuzi 30 yuko hatarini hata bila ugomvi. Jirani alikuwa na paka, tulimfungia ndani. Watoto nao wakae mbali siku za mwanzo, wanapiga kelele za furaha ambazo sungura hajui ni za furaha.

Shika ufagio na taulo nene, na uvae viatu vilivyofunika vidole. Wakishikana, usiingize mkono mtupu kati yao. Wapitishie ufagio katikati, mtupie mmoja taulo, umwinue.

Yapi uyaache, yapi uyazuie

Waingize kwa wakati mmoja, kila mmoja kona yake, kisha kaa chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuzuia kila kitu au kuacha kila kitu.

Acha wapuuzane. Mmoja anakula, mwingine anajilamba makucha, hakuna anayemtazama mwenzake. Mtu akiona hivyo hudhani hakuna kinachoendelea. Kumbe mnyama anayeliwa na kila kitu porini hatoi mgongo wala hajilambi mbele ya adui. Kupuuzana ni habari njema sana.

Acha wapandane kwa muda mfupi. Watapandana hata kama dume amehasiwa, na jike naye atampanda dume. Sitara alifanya hivyo mbele ya jirani, tukacheka mno. Ni kuulizana nani mkubwa. Hesabu sekunde chache, kisha mshushe kwa mkono taratibu kama aliye chini ameanza kuudhika. Isipokuwa kwa kichwani: akimpanda mwenzake upande wa uso, mwondoe papo hapo. Aliye chini akiuma, atauma sehemu ya siri, na hilo ni jeraha la hospitali.

Acha wakimbizane kidogo, na wanyofoane unyoya mmoja mmoja. Ukiona manyoya yanajaa mdomoni, hapo basi.

Zuia mapema haya: masikio yaliyolala nyuma kabisa huku mkia umesimama na mwili umekaza; kuguna; kujitupa mbele na kupiga kwa mikono. Na zuia kwa haraka kuliko yote ule mzunguko wa pua ya huyu kwenye mkia wa yule, wote wawili wanazunguka kwa kasi. Duara hilo likikaza, sekunde inayofuata wameshikana. Usisubiri uone.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Utaona mmoja anashusha kichwa mpaka sakafuni mbele ya mwenzake, kimya. Tunafikiri anasalimu amri. Kwa kweli anadai alambwe paji la uso, na mara nyingi anayedai ndiye anayejiona mkubwa. Akilambwa, umefika mbali. Wote wakidai na hakuna anayekubali kulamba, watabaki hivyo, vichwa chini, mpaka mmoja achoke na kumng'ata mwenziwe kwa hasira. Wapake wote ndizi mbivu kidogo juu ya paji. Kitu chembamba sana, usiwape donge. Atakayeanza kulamba ndizi anaweza akaendelea hata ndizi ikiisha. Kwetu mnyonge alikuwa Tembele, mwenye nyumba mwenyewe.

Kipindi cha kwanza kiwe dakika kumi au robo saa, na umalize wakiwa shwari, usingoje wagombane ndipo uwatoe. Warudishe kwenye wavu. Kesho tena, ongeza muda. Kila siku mfululizo ni bora kuliko siku moja ndefu kisha kupumzika wiki. Wengine hupatana kwa siku chache, wengine kwa miezi, na umri wala rangi havitakuambia ni wepi.

Wakipigana kweli, wape siku kadhaa kwenye wavu bila kukutana, kisha anza na muda mfupi kuliko ule ulioanzia. Wakague mwili mzima kwa vidole, ukipuliza manyoya uone ngozi. Jino la sungura huacha tundu dogo linaloziba juu huku usaha ukijijenga chini, na usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki wenyewe. Uvimbe wowote baada ya ugomvi apelekwe kwa daktari.

Utasikia ushauri wa kuwatia wote wawili kwenye boksi moja na kuwapandisha bajaji wazungushwe mjini, ili hofu iwafanye wakumbatiane. Watakumbatiana, ndiyo. Mimi siufuati. Sungura aliyekaza mwili kwa hofu ametulia kwa sababu anadhani anakufa, na hofu ya kiasi hicho inaweza kusimamisha utumbo wake. Wakishuka kwenye bajaji hofu inaisha na suala la eneo liko palepale.

Kuwahamishia pamoja

Wakiwa wanaweza kukaa saa kadhaa, wakala sahani moja, wakalala mbavu kwa mbavu au wakalambana, jaribu siku nzima na usiku wake. Chagua siku ambayo huna kazi. Mimi nilisogeza cherehani barazani nikashona nikiwa nawaangalia. Usiku lala karibu, mguu ukipigwa chini nawe usikie. Siku mbili zikipita bila mshikemshike, waache wenyewe.

Kisha ndipo waende kwenye makazi ya kudumu, na hapo kuna mtego wa mwisho: makazi hayo huwa ni ya mwenyeji. Yaoshe yote kwa siki, tupa majani ya zamani, geuza mpangilio, ongeza sehemu mpya. Weka mabeseni mawili ya choo na sehemu mbili za majani, hata kama watatumia moja. Kama Tembele angerudishwa kwenye banda lake likiwa vilevile, angekumbuka lilikuwa lake. Nililipanua upande mmoja kwa mbao za kitanda cha zamani, na mlango nikauhamisha.

Wengine hawapatani, na hilo nalo lipo. Umefuata yote, umepumzisha, umerudia, na kila wakionana wanataka damu. Waache majirani wa wavu. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, huko huishi mashimoni kwa makundi, tofauti na yule wa porini kwetu anayelala peke yake kwenye nyasi. Kusikia mwenzake anatafuna upande wa pili kunamtosha kuliko upweke. Usimpe simbilisi kama mbadala. Vyakula vyao ni tofauti, mateke ya sungura yanavunja mbavu za simbilisi, na sungura anaweza kumwambukiza magonjwa ya kifua asiyoyaonyesha mwenyewe.

Waliopatana usiwatenganishe hata kwa usiku mmoja. Mmoja akienda kwa daktari, wote waende, kwa sababu akirudi ananuka spiriti na mbwa wa watu, mwenziwe atamwona mgeni na mnaanza upya kwenye vitambaa. Tenga la kubebea nunua la kuwatosha wawili.